Swali Lisilo na Nyusi

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, namba 214 iliitwa kwa mara ya tatu katika ukumbi wa leseni, na mwenye karatasi ya namba hiyo hakuinuka. Ukumbi ulikuwa na viti themanini na watu zaidi ya mia. Ubao wa taa uliokuwa ukionyesha namba ulikuwa umeharibika, na juu yake pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: SIKILIZA. Mwenye namba 214 alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minne, amevaa shati la mikono mifupi la rangi ya udongo, na katika mfuko wa kifuani bisibisi tatu ndogo zimepangwa kwa urefu. Alikuwa akiisoma ile karatasi na kucheka peke yake.

Mwanamke aliyekaa nyuma yake alikuwa na namba 215. Alimtazama kwa muda, akaona jinsi anavyofuata midomo ya watu na si sauti zao, akazunguka akasimama mbele yake.

“Wewe ni 214. Wanakuita,” alimwambia kwa mikono.

Mwanamume alimtazama mikono, kisha uso. Kuanzia hapo mazungumzo yao yote yalikuwa ya lugha ya alama. Humu yameandikwa kwa maneno.

“Tangu lini?”

“Hii ya tatu.”

“Na mara mbili za kwanza ulikuwa wapi, dada? Ulilala?”

“Sikulala.”

“Macho umeyafunga nusu.”

“Ndivyo yalivyo.”

“Aa. Mimi nilidhani unanirembulia.”

“Nenda dirishani, kaka, utarukwa.”

Alikwenda, na mwanamke akaenda naye, ingawa hakuna aliyemwomba. Karani alimtazama yeye badala ya mteja. “Dada, mwambie alete picha mbili.”

“Mwambie mwenyewe, si anakuona? Mimi nipo kutafsiri tu.”

Karani alimgeukia mteja, akarudia. Leseni ilitoka baada ya dakika kumi na moja. Ilikuwa ya karakana ya miwani. Mwanamume alikuwa fundi: alikata lenzi, alinyoosha fremu, alikaza skrubu. Mwanamke alikuwa mkalimani wa lugha ya alama, na siku hiyo alikuwa amevaa blauzi nyeusi ya mikono mirefu, hana hereni, hana rangi ya kucha.

“Nyeusi tupu,” fundi alisema walipotoka barazani. “Umefiwa?”

“Nina kazi saa sita. Nguo ikiwa na maua, mikono haionekani.”

“Unaitwa nani?”

Alianza kutaja jina lake kwa herufi za vidole. Fundi alimzuia kwa kiganja.

“La alama. La herufi waachie polisi.”

“Chuoni walinipa jina la mkufu niliokuwa nikivaa. Mkufu ulipotea.”

“Basi na jina limepotea.” Alikunja kidole cha shahada, akakiweka juu ya jicho lake mwenyewe, akakishusha polepole hadi nusu. “Kope. Wewe ni Kope.”

Yeye alijitambulisha kwa kuzungusha kidole gumba na cha shahada kwenye paji la uso, mara moja.

“Hiyo si alama ya mwendawazimu?” Kope aliuliza.

“Mwendawazimu anazungusha mara nyingi. Mimi mara moja tu. Skrubu.”

Miongoni mwa viziwi jina la alama hutolewa na kiziwi, mwenyewe hajichagulii, na mara nyingi hushika jambo la kwanza linaloonekana: kovu, pengo, kitambi, mwendo. Si tusi. Kope alilijua hilo, alikuwa amelifundisha darasani kwa miaka sita. Alicheka, akalirudia jina lake kwa kidole chake mwenyewe kuthibitisha kwamba amelipokea. Alipofika nyumbani alisimama mbele ya kioo kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Kope zake za juu zilikuwa zimeshuka tangu azaliwe. Zilifunika karibu nusu ya mboni, na ya kulia ilizidi ya kushoto kwa milimita moja.

Karakana ya Skrubu ilikuwa na upana wa mita mbili. Upande mmoja droo sitini za fremu, upande wa pili mashine ya kusagia lenzi, na katikati sufuria ya umeme iliyojaa shanga za kioo zenye joto, ambamo fremu za plastiki hulainishwa. Mteja akibonyeza kengele, taa nyekundu iliwaka juu ya meza. Kope alizoea kuibonyeza mara tano mfululizo.

“Mara moja inatosha, bosi. Mimi ni kiziwi, sijafa.”

“Nilitaka ujue ni mimi.”

“Ningejua. Hakuna mwingine mwenye fujo hivi.”

Siku ambazo hawakuonana walipigiana simu ya video, yeye simu kaiegemeza kwenye boksi la lenzi, Kope kaiegemeza kwenye birika la chai.

“Umekula?”

“Nimekula.”

“Nani kapika?”

“Mimi.”

“Pole sana, roho yangu.”

Katika lugha waliyoitumia, swali la ndiyo au hapana halina neno lake. Mikono husema kitu kile kile. Nyusi zikipanda ni swali, zikitulia ni taarifa. “Umekula” na “umekula?” ni mikono ileile. Skrubu alikuwa akimtania Kope kuhusu nyusi zake, kwa sababu zilipanda juu kuliko za mtu mwingine yeyote aliyemjua.

“Maswali yako yanaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Hata wakiweka lori katikati.”

“Ni vibaya?”

“Mimi napenda. Sijawahi kukuelewa vibaya hata siku moja.”

Ilikuwa kweli alipolisema. Mama yake Skrubu, mjane mwenye kusikia aliyejifunza alama kwa ajili ya mwanawe, aliwahi kumwambia Kope, “Mwanangu huyu kila mtu humwambia kitu mara mbili. Wewe mara moja tu. Unafanyaje, mkwe?” Kope aliona haya kwa lile neno la mwisho.

Mwezi wa nane wa uhusiano wao, Kope alipata kazi ya majaribio ya miezi mitatu: kutafsiri taarifa ya habari ya saa saba mchana, ndani ya kisanduku kidogo pembeni mwa skrini. Wiki ya pili mtayarishaji wa kipindi alimsimamisha kwenye korido.

“Dada, watu wanapiga simu. Wanasema mkalimani anasinzia.”

“Viziwi ndio wanaopiga simu?”

“Viziwi watapigaje simu? Ni watazamaji wa kawaida.”

“Sasa wao wananitazama mimi wa nini? Si wana masikio?”

“Mimi naleta ujumbe tu. Fanya chochote kuhusu hayo macho. Siku hizi njia ni nyingi, hata kisu hakihitajiki.”

Njia zilikuwepo, na Kope alizifuata moja baada ya nyingine kwa utaratibu. Alianza na utepe mwembamba unaobandikwa juu ya kope ili ngozi ijikunje na kupanda. Chini ya taa za studio gundi iliyeyuka kabla habari za michezo hazijaanza. Daktari wa kituo cha afya cha jirani alimwandikia matone yanayoamsha msuli mdogo wa kope kwa saa sita hadi nane. Jicho la kushoto lilipanda milimita moja, la kulia halikupanda, akaonekana kama mtu anayekonyeza taifa zima. Alisoma kuhusu mashine inayopasha ngozi joto ili ikaze, akaona kwamba hiyo ni ya ngozi iliyolegea, na yake haikuwa imelegea.

Skrubu alimwambia, “Niachie mimi.”

Siku tisa baadaye alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akamvalisha miwani yenye fremu nyembamba ya chuma. Nyuma ya kila lenzi alikuwa ameunganisha waya uliopindwa nusu duara na kuvikwa mpira laini. Waya ulikaa kwenye mkunjo wa kope na kuinyanyua.

“Usilazimishe kupepesa. Macho yakikauka, tia matone ya machozi. Haya, tazama.”

Kope alijitazama. Kope zilikuwa zimepanda milimita tatu kila upande. Uso uliomtazama ulikuwa wa mtu aliyeshtuliwa.

“Unaona vizuri?” Skrubu aliuliza.

“Naona.”

“Mimi naona mrembo aliyepata habari mbaya.”

Kope hakucheka. Kesho yake studioni taa zilimulika zile nyaya zikaonekana kama mistari miwili myeupe katikati ya macho, na mtayarishaji akasema kupitia kipaza sauti, “Miwani toa.” Jioni aliirudisha karakana.

“Nimekuwa dirisha. La kuwekewa mwega lisijifunge.”

“Dirisha zuri.”

“Nasema kweli, Skrubu.”

“Nami nasema kweli. Hii nimetengeneza kwa ajili ya kazi yako, si kwa ajili yangu. Mimi nakutaka hivyohivyo ulivyo.”

“Ulinipa jina la kasoro yangu. Watu mia mbili wa chama chenu cha viziwi wananiita hivyo. Halafu unaniambia hivyohivyo?”

“Ni jina. Sikusema ni kasoro. Wewe ndiye unayesema.”

“Wewe hukuulizwa na mtu yeyote kama umelala.”

“Mimi? Mimi niliulizwa shule nzima kama ni mjinga.”

Kope aliitia miwani mkobani bila kuikunja, na skrubu ya mkono wa kulia ikalegea. Skrubu aliiona. Alitaka kusema iache niikaze, lakini Kope alikuwa amekwisha kumgeuzia mgongo, na mtu aliyekugeuzia mgongo huwezi kumwambia kitu kwa mikono.

Walipatana kesho yake, nusunusu. Jumatano iliyofuata Skrubu aliondoka na timu ya madaktari wa macho kwa siku kumi na nne, kutembelea miji midogo na kupima watu. Ijumaa dada yake Kope, aliyemzidi miaka saba na kumlea tangu mama yao alipofariki, alimpigia simu.

“We mtoto, bado unahangaika na gundi? Shoga yangu ana kliniki ya urembo. Sindano tu. Inalegeza msuli unaovuta nyusi chini, nyusi zinapanda, jicho linafunguka. Dakika kumi.”

“Ina madhara?”

“Mimi nimechoma, nina madhara gani?”

“Una kelele.”

“Hiyo nimezaliwa nayo. Kesho saa tano, nimeshakuwekea nafasi.”

Kliniki ilikuwa na viti vya rangi ya waridi na kioo chenye taa pembeni. Mhudumu alichora nukta nne kwenye ncha za nyusi, kisha akarudi nyuma hatua moja.

“Na hii mistari ya paji la uso, mbona mingi kwa msichana kama wewe? Tuifute na yenyewe.”

“Ifute.”

Hakuna aliyeuliza mistari ile ilitokana na nini. Sindano ishirini, dakika kumi na mbili. Kope hakumwambia Skrubu. Alikusudia aone mwenyewe akirudi.

Dawa hiyo huanza kufanya kazi siku ya tatu hadi ya tano na hufikia kilele wiki ya pili. Siku ya sita paji la uso lilikuwa laini kama sahani. Kope zilionekana nzito zaidi. Kope alidhani ni uvimbe. Siku ya tisa Skrubu alipiga simu ya video kutoka juu ya ngazi za shule, mahali pekee palipokuwa na mtandao.

“Picha yako imeganda?”

“Hapana. Niko hapa.”

“Mikono inakwenda, uso umesimama. Mtandao wa huku bure kabisa. Nikirudi nina jambo la kukwambia.”

“Zuri?”

“Nini?”

“Nimeuliza, ni zuri?”

“Imeganda tena. Jumamosi, mpenzi. Saa kumi, karakana.”

Jumamosi Kope alivaa gauni la kijani lenye maua meupe kwenye pindo, kwa sababu siku hiyo hakuwa na kazi. Alibonyeza kengele mara tano. Skrubu alikuwa na shati jipya la bluu, na nyuma ya bisibisi zake, katika mfuko wa kifuani, karatasi iliyokunjwa mara nne. Walikumbatiana. Kisha alirudi nyuma apate nafasi ya mikono.

“Nimepewa karakana ya hospitali ya macho. Niliosafiri nao wameniombea. Miaka miwili. Ni safari ya siku nzima kutoka hapa, naanza tarehe moja.”

Alinyamaza kwa makusudi, aone uso wake kabla ya kutoa karatasi. Hakuona kitu. Kwa miezi kumi hakuwahi kuutazama uso ule akakosa kitu.

“Umekubali?” Kope aliuliza. Nyusi hazikutikisika. Skrubu aliona: umekubali.

“Nimekubali. Nilitaka...”

“Kwa hiyo tumeishia hapa?”

Lilikuwa swali, na jibu lililotarajiwa lilikuwa hapana. Mikono ilisema: kwa hiyo tumeishia hapa. Paji la uso lilikuwa limetulia, kope zimeshuka, mdomo umebanwa. Skrubu aliisukuma karatasi ndani zaidi ya mfuko.

“Kama ndivyo, sawa.”

Kope alisoma jibu la ndiyo. Alichukua mkoba. Mlangoni alipishana na mama mmoja aliyekuja kuchukua miwani, na taa nyekundu ikawaka.

Zipo njia nyingine za kuonyesha swali: kuinamisha kichwa mbele, kuishikilia alama ya mwisho hewani. Kope anasema aliishikilia. Skrubu anasema hakuishikilia. Mama wa miwani aliingia baadaye na hakuona.

Siku kumi na moja baada ya hapo chama cha viziwi kiliandika barua kwa kituo cha televisheni. Barua ilitaja tarehe na dakika. Mbunge aliuliza kama serikali itafunga shule za bweni; mkalimani alionyesha kwamba serikali itafunga shule za bweni. Wazazi wanane walikuwa wamekwenda kuwachukua watoto wao. Mtayarishaji alimwonyesha Kope kile kipande.

“Mikono ni sahihi,” Kope alisema.

“Wanasema uso. Sielewi uso una nini. Mimi naona umetulia vizuri tu.”

Kope aliomba kirudishwe nyuma. Alikitazama mara tatu. Mara ya tatu hakuwa akiifuata shule wala mbunge, alikuwa akiuona uso aliompa Skrubu siku ile karakana. Alikaa chini, pale pale kwenye nyaya.

Daktari bingwa wa macho, mwanamke mfupi aliyezungumza huku akiandika, alimpima kwa rula ndogo ya plastiki.

“Msuli unaonyanyua kope zako ni dhaifu tangu utotoni. Lililokuwa likizinyanyua ni paji la uso. Lilikuwa linafanya kazi mbili, ndiyo maana lilikuwa na mistari. Wamelilaza.”

“Kuna dawa ya kuliamsha?”

“Muda. Miezi mitatu, minne. Kazi yako ni ipi?”

Kope alimweleza. Daktari aliacha kuandika.

“Na hakuna aliyekuuliza hilo kabla ya kuchoma?”

“Hakuna.”

Majaribio ya televisheni yalipokwisha hayakuongezwa. Skrubu alikuwa amehama tarehe moja kama alivyosema. Wiki ya tano baada ya sindano alituma ujumbe wa neno moja: “Salama?” Kope aliutazama tangu asubuhi hadi adhuhuri, akajibu: “Salama. Nitakuja mwenyewe tuongee.” Jibu lilirudi ndani ya dakika moja: “Lini?”

Hakujibu. Tarehe haikujulikana. Alikuwa ameamua kwamba swali lililoharibiwa na uso lazima lisahihishwe na uso. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo na rula, akajaribu kunyanyua nyusi, akaandika kwenye daftari. Wiki ya sita: sifuri. Wiki ya nane: milimita moja. Wiki ya kumi: tatu.

“Mpigie!” dada yake alimwambia kwa simu. “Au andika. Weka na alama ya kuuliza kubwa kama ndoo.”

“Si kitu cha kuandika, dada.”

“Mwanamume alikuuliza ‘lini’, hujamjibu wiki ya sita sasa. Wewe unamsubiri nani?”

“Paji la uso.”

“Mungu wangu. Mimi nilikupeleka kule urembeke, sikukupeleka uwe mwendawazimu.” Kisha sauti ikashuka. “Nisamehe, mdogo wangu. Ile sindano ni mimi.”

“Si wewe. Niliulizwa, nikasema ifute.”

Wiki ya kumi na tano nyusi zilipanda milimita tisa na mistari yote mitano ikarudi. Kope aliandika tisa, akafunga daftari, akakata tiketi ya basi la alfajiri iliyofuata. Alivaa blauzi nyeusi. Mkobani alitia ile miwani, ambayo mkono wake wa kulia ulikuwa umeachia kabisa. Ile skrubu iliyochomoka aliifunga ndani ya karatasi.

Alilala kwenye nyumba ya wageni katika mji wa hospitali, na kesho yake saa nane na dakika ishirini na tano mchana alibonyeza kengele ya karakana ya hospitali, mara moja. Taa iliwaka. Skrubu, katika koti la bluu la kazi, aliinua kichwa.

“Umekuja.”

“Nilisema nitakuja.”

“Hukusema lini.”

Alimvutia kiti. Kope alimweleza yote kwa mpangilio: kliniki, nukta nne, mistari, barua ya chama, daktari, rula. Skrubu alitazama bila kumkatisha. Kope alipofika kwenye paji la uso, Skrubu aligusa la kwake.

“Hapa?”

“Hapo.”

“Ndiyo maana nikadhani picha imeganda.” Alitazama mikono yake. “Kwa nini hukuniambia? Ningejua. Ningekutazama mikono tu.”

“Nilitaka ukirudi unikute nimebadilika.”

“Nilikukuta.”

Kope aliangalia meza. Skrubu aligonga ubao kwa kidole, amtazame.

“Na baadaye? Ungeandika. Maneno manne, ‘siku ile nilikuwa nikiuliza’.”

“Nilitaka uone mwenyewe kwamba nauliza.”

“Wiki zote hizi, Kope?”

Kope aliuvuta mkoba. Alitoa miwani mkobani na ile karatasi ya skrubu. Alisema imeharibika, lilikuwa jambo pekee ambalo mikono yake ilipata. Skrubu aliipokea, akachagua bisibisi ndogo kuliko zote, akaikaza, akanyoosha waya wa kulia kidogo kwa koleo. Kisha akamvalisha kama anavyomvalisha kila mteja, vidole viwili nyuma ya masikio, kimoja chini ya kope kuhakikisha waya haubani.

“Inaumiza?”

“Hapana.”

“Siku ile mfukoni nilikuwa na fomu ya nyumba za watumishi,” alisema. “Kuna mstari wa mwenzi. Niliujaza jina lako kabla ya kukuuliza. Nilipofika hapa niliukata, wakanipa chumba kimoja.”

Kope alisimama. Alirudi nyuma hatua moja, apate nafasi ya mikono. Kichwa alikiinamisha mbele, nyusi zikapanda hadi mistari mitano ikaonekana, na alama ya mwisho akaishikilia hewani.

“Tumeishia hapa?”

Skrubu alizitazama nyusi mpaka zikashuka zenyewe.

“Siku ile jibu lilikuwa hapana.”

“Na leo?”

“Leo ni ndiyo. Wiki tatu zilizopita nimempa mtu neno langu. Mwalimu wa shule ya viziwi, hapa karibu. Wazee wake wamenipokea. Fomu ya nyumba nimeijaza upya.”

“Anajua habari zangu?”

“Nilimweleza zote nilizozijua. Ya sindano sikuijua.”

“Mwambie.”

“Nitamwambia.”

“Ana jina zuri?”

“La kawaida. Alipewa shuleni, akiwa mdogo.”

Katika korido wagonjwa wawili walikuwa wakibishana nani alitangulia. Skrubu alivuta daftari la kutolea miwani, kwa sababu kila kazi inayotoka katika karakana ile lazima iandikwe. Kwenye safu ya kazi aliandika: skrubu moja, mkono wa kulia. Kwenye safu ya jina la mteja aliandika jina la Kope la kwenye kitambulisho, lote, herufi kwa herufi. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina hilo tangu siku ya namba 214.

Aligeuza daftari, akamwelekezea. Saa tisa na dakika kumi na mbili mteja alitia sahihi.